Taa za Mrija: Zinavyowaka, Zinavyougua, na kwa Nini Tuweke Chache

Mtu akibonyeza swichi jioni, na taa ndefu ya mrija ikakataa kuwaka, au ikawa inapepesa kama jicho lililoingiwa na mchanga, mara nyingi husema, "Taa imekufa." Kisha huishusha na kuitupa nyuma ya nyumba. Lakini mara nyingi taa hiyo haijafa. Kilichokufa ni kile kikopo kidogo cha pembeni kiitwacho staata, chenye bei ndogo sana. Na hata kama mrija wenyewe umekufa kweli, haifai kuutupa ovyo, kwa kuwa ndani yake mna sumu.

Katika makala haya nataka kueleza mambo matatu: jinsi taa hizi zinavyowaka, jinsi zinavyoharibika na kutengenezwa, na kwa nini yafaa kila shule ihifadhi chache za zamani kabla hazijatoweka. Vitabu vyetu vya Fizikia vimeandikwa kwa Kiingereza. Mimi nimejaribu kutumia Kiswahili, ili wazazi wetu nao wapate faida, maana taa hizi zimo madukani, misikitini, makanisani na majumbani mwao.

TOFAUTI YA GLOBU NA MRIJA

Katika globu ya kawaida umeme hupita katika uzi mwembamba wa metali iitwayo tangsteni. Uzi hupata moto mkali sana mpaka ukatoa nuru. Kwa hiyo sehemu kubwa ya umeme hugeuka joto, na sehemu ndogo tu ndiyo inayokuwa mwanga. Kila aliyewahi kugusa globu iliyotoka kuzimwa anajua jambo hili.

Taa ya mrija haina uzi kama huo. Hewa iliyokuwa ndani imetolewa karibu yote, na badala yake imetiwa gesi kidogo, hasa agoni, pamoja na zebaki kidogo sana. Katika kila ncha mna koili ndogo ya tangsteni iliyopakwa dawa ya oksaidi za bariamu na metali nyingine za jamaa yake. Koili hiyo ikipata moto hutoa elektroni kwa wingi. Elektroni hizo hukimbia ndani ya mrija na kugonga atomi za zebaki iliyogeuka mvuke, na atomi zilizogongwa hutoa miale.

Lakini miale mingi kati ya hiyo ni ya urujuanimno, ambayo macho yetu hayaioni. Urefu wa wimbi lake ni nanomita 254. Ndiyo sababu kioo kimepakwa unga mweupe kwa ndani. Unga humeza miale isiyoonekana na kutoa nuru inayoonekana. Basi nuru tunayosomea usiku haitoki katika umeme moja kwa moja, wala haitoki katika zebaki. Inatoka katika ule unga. Kwa njia hii mrija wa wati 36 hutoa mwanga unaopita ule wa globu ya wati 40 zaidi ya mara tano.

CHOKI NA STAATA

Gesi ina tabia ambayo waya hauna. Ikisha kuanza kupitisha umeme, kadiri mkondo unavyozidi ndivyo ukinzani wake unavyopungua, na ukinzani ukipungua mkondo huzidi tena. Ukiunganisha mrija na umeme wa volti 230 bila kizuizi, mkondo utapanda ghafula mpaka mrija upasuke au fyuzi ikatike. Kwa hiyo hapana budi kuwe na kitu cha kuuzuia mkondo. Kitu hicho ni choki, yaani koili ya waya wa shaba iliyozungushwa juu ya vibamba vya chuma. Choki hupunguza mkondo bila kupoteza umeme mwingi kwa njia ya joto. Mrija wa futi nne hupitisha kiasi cha ampea 0.43 tu, na baina ya ncha zake mna karibu volti 100.

Staata nayo ni swichi inayojiendesha yenyewe. Ukifungua kikopo chake utaona kijichupa cha kioo chenye gesi, na ndani yake vibamba viwili visivyogusana. Kimoja kimeundwa kwa metali mbili zilizobanwa pamoja, nazo hutanuka kwa kiasi tofauti zinapopata joto, kwa hiyo kibamba hujipinda. Mambo huenda hivi:

Kwanza, ukiwasha swichi, umeme huifikia staata, na gesi ya kijichupa hung'aa kidogo na kutoa joto.

Pili, kibamba hujipinda na kugusa mwenzake. Sasa mkondo hupita katika choki, katika koili za ncha zote mbili, na katika staata. Koili huwa nyekundu na kuanza kutoa elektroni.

Tatu, vibamba vikisha kugusana, ule mng'ao wa gesi hukoma. Vibamba hupoa na kuachana.

Nne, mkondo wa choki ukikatwa ghafula namna hiyo, choki hutoa msukumo wa volti mia kadhaa. Hii ndiyo kanuni ya Faraday tunayoisoma darasani. Msukumo huo huipasulia gesi njia, na mrija huwaka.

Baada ya hapo volti zinazobaki katika staata ni chache, hazitoshi kuifanya ing'ae tena, basi hukaa kimya mpaka kesho. Ndiyo maana unaweza kuiondoa staata wakati taa inawaka, nayo isizimike. Taa nyingi za siku hizi zina balasti ya elektroniki badala ya choki na staata. Hizo huwaka mara moja, wala hazivumi.

HISTORIA KWA UFUPI

Mwaka 1857 Heinrich Geissler wa Ujerumani alitengeneza mirija ya kioo yenye gesi kidogo iliyong'aa kwa umeme. Ilikuwa ya maonyesho tu, haikufaa kumulikia nyumba. Mwaka 1901 Mmarekani Peter Cooper Hewitt alipata hataza ya taa ya mvuke wa zebaki. Taa hiyo ilikuwa na nguvu, lakini nuru yake ilikuwa ya buluu na kijani bila wekundu, hata uso wa mtu mzima wa afya ukaonekana kama wa mgonjwa. Mwaka 1910 Georges Claude alionyesha taa za neoni mjini Paris. Mwaka 1926 Edmund Germer na wenzake huko Ujerumani waliomba hataza ya mrija wenye unga wa kugeuza urujuanimno kuwa nuru ya kawaida. Mwaka 1938 kampuni ya General Electric ya Marekani ikaanza kuiuza mirija ya namna hii, na mwaka 1939 watu wengi wakaiona katika maonyesho makubwa ya New York.

Unga wa kwanza ulikuwa na kasoro. Aina moja ilikuwa na beriliamu, ambayo ni hatari sana kwa mapafu, na huko Marekani iliachwa mwaka 1949. Mwaka 1942 McKeag na Ranby, wa kampuni ya GEC ya Uingereza, waligundua unga bora usio na beriliamu, na huo ndio uliomulika viwanda, shule na ofisi za dunia nzima kwa miaka mingi.

Mirija yenyewe imekuwa ikikonda. Ya zamani ina upana wa milimita 38. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ikaja ya milimita 26, na katika miaka ya 1990 ikaja ya milimita 16. Kwa hiyo mwenye rula anaweza kukisia umri wa taa bila kusoma maandishi yake.

NDUGU ZA TAA YA MRIJA

Taa ya mrija ni mmoja tu katika ukoo mkubwa wa taa ambazo umeme wake hupita katika gesi au mvuke. Ndugu zake wengi tumewaona barabarani, uwanjani na viwandani.

Taa ya zebaki yenye mgandamizo mkubwa ina umbo la yai jeupe, na ndani yake mna kichupa kidogo cha kioo kigumu. Nuru yake ni nyeupe yenye ubuluu. Huchukua dakika chache kufikia nguvu yake kamili, na umeme ukikatika na kurudi haiwaki mpaka ipoe kwanza. Watu hudhani imeharibika, kumbe inapumzika tu.

Taa ya sodiamu yenye mgandamizo mdogo ilianza kutumika barabarani huko Ulaya mwaka 1932. Mrija wake umekunjwa mithili ya pini ya nywele, nao umefunikwa na chupa nyingine. Ikianza huwa nyekundu kwa sababu ya neoni, kisha polepole hugeuka rangi ya yai bichi. Nuru yake ni ya rangi moja tu, karibu nanomita 589. Chini yake shati jekundu na shati la buluu yote huwa kama ya kijivu. Lakini kwa kutoa mwanga mwingi kwa umeme kidogo, taa hii ilizishinda taa zote za wakati wake.

Taa ya sodiamu yenye mgandamizo mkubwa ilikuja katika miaka ya 1960, baada ya kupatikana kauri inayopitisha nuru na kustahimili sodiamu yenye moto mkali. Nuru yake ni ya rangi ya dhahabu. Ikizeeka ina tabia ya kuchekesha: huwaka, huzima, hupoa, huwaka tena, usiku kucha. Sababu ni kwamba kadiri inavyozeeka inataka volti nyingi zaidi ili iendelee kuwaka, mpaka choki yake inashindwa kuitosheleza.

MARADHI YA TAA NA TIBA ZAKE

Kabla ya kueleza maradhi, natoa onyo. Kazi yoyote ndani ya kasha la taa ni ya fundi umeme, au mwalimu anayejua. Mwanafunzi asipande juu ya kitanda au dawati kuchokoa taa. Fundi naye azime swichi kubwa, si ile ya ukutani peke yake, maana katika nyumba nyingine waya zimeunganishwa kinyume, na kasha hubaki na umeme hata swichi ikiwa imezimwa. Tena makasha mengine yana kapasita, ambayo huweza kushika umeme muda baada ya kuzimwa. Lakini kuutambua ugonjwa kwa macho na masikio kila mtu anaweza, na huo ni nusu ya matengenezo.

1. Ncha zote mbili nyekundu, katikati giza. Vibamba vya staata vimeng'ang'aniana, au kikapasita kilicho ndani yake kimeharibika. Tiba ni staata mpya. Usiiache taa katika hali hii usiku kucha, kwa sababu koili zinaungua na choki inapata moto.

2. Taa inapepesa bila kutulia. Badilisha staata kwanza. Ikiendelea, tazama ncha za mrija. Zikiwa nyeusi sana, dawa ya koili imekwisha na mrija umezeeka. Zikiwa safi, pima umeme wenyewe, maana jioni watu wote wakiwasha vitu vyao, volti huweza kupungua mno.

3. Hakuna dalili yoyote. Huenda mrija haukukaa vizuri katika holda. Uzungushe taratibu mpaka uingie mahali pake. Kama bado, fundi auondoe na kupima kwa mita pini mbili za kila ncha. Koili nzima huonyesha ohmu chache tu. Iliyokatika haionyeshi kitu, na mrija huo hauna tiba.

4. Taa inavuma kama nyuki. Vibamba vya chuma vya choki vimelegea, au skrubu za kasha zimelegea. Mara nyingi kukaza skrubu kunatosha. Lakini choki ikiwa inanuka, au rangi yake imekuwa ya kahawia kwa joto, ibadilishwe mara moja, maana huweza kuwasha dari.

5. Nuru inajisokota ndani kama nyoka. Jambo hili hutokea katika mirija mipya. Ukiiacha iwake kwa saa kadhaa, kwa kawaida hutulia.

6. Taa inawaka kwa shida asubuhi yenye baridi. Wenzetu wa Njombe na Makete watalifahamu hili. Zebaki ikipoa, mvuke wake hupungua, na nuru hufifia mpaka mrija upate joto.

Jambo moja zaidi la kukumbuka: kila mrija unapowashwa, dawa ya koili hupungua kidogo. Kuwasha na kuzima mara kwa mara huufupishia maisha kuliko kuuacha uwake dakika chache. Basi anayetoka bwenini na kurudi baada ya dakika mbili asichezee swichi. Anayeondoka kwa saa nzima, azime.

HATARI YA KUVUNJA

Zebaki iliyo ndani ya mrija ndiyo ile ile wanayoitumia wachimbaji wadogo wa dhahabu kukamata dhahabu, na ambayo tunaambiwa tujihadhari nayo. Mirija ya zamani ilikuwa na miligramu 20 na zaidi. Ya miaka ya karibuni mara nyingi haifiki miligramu 5. Ni kidogo, lakini mirija mia moja ikivunjwa katika shimo moja la taka, mwaka hadi mwaka, karibu na kisima au bustani ya mboga, si kidogo tena. Huko Minamata, nchini Japani, zebaki kutoka kiwandani iliingia baharini, ikaingia katika samaki, na samaki wakaliwa na watu. Ugonjwa uliotokea ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Watu walishindwa kutembea na kusema sawasawa, na watoto walizaliwa na kilema. Bila shaka zebaki ya kiwanda ilikuwa nyingi mno kuliko ya taa, lakini sumu ni ile ile.

Kwa hiyo wadogo zetu wanaochezea mirija mibovu kama panga wakatazwe. Mrija ukivunjika chumbani, fanya hivi. Watu watoke, madirisha yafunguliwe, na mngoje robo saa. Usifagie kwa ufagio, kwa sababu ufagio husambaza unga na zebaki. Vaa glavu au mfuko wa plastiki mikononi, kusanya vipande kwa karatasi ngumu, vumbi lililobaki libandue kwa utepe wa gundi, kisha pangusa kwa kitambaa kibichi. Vyote vitie katika chombo chenye kifuniko na ukifunge.

Ndugu zake nao wana hatari zao. Taa ya zebaki ya barabarani ikivunjika chupa ya nje tu, huweza kuendelea kuwaka, na urujuanimno wake huunguza macho na ngozi ya walio chini. Yapasa izimwe mara moja. Taa ya sodiamu yenye mgandamizo mdogo isitupwe mahali penye maji, maana sodiamu ikikutana na maji hushika moto. Kapasita za zamani zisifunguliwe, kwa kuwa mafuta ya baadhi yake ni sumu. Na mrija ulio mkongwe sana, wa kabla ya mwaka 1950, uwekwe tu wala usihatarishwe, kwa ajili ya ile beriliamu.

ZINAONDOKA

Kwa ajili ya sumu hii mataifa yalifanya mkataba mwaka 2013, ukaitwa Mkataba wa Minamata kwa kuukumbuka mji ule. Kwa mkataba huo, taa za zebaki za barabarani ziliwekewa mwisho wa kutengenezwa na kuuzwa baina ya nchi mwaka 2020. Mwaka 2022 wanachama wakakubaliana kwamba zile taa ndogo zilizokunjwa, zenye kitako kama cha globu, mwisho wake uwe 2025. Mwaka 2023 wakakubaliana mjini Geneva kwamba mirija mirefu nayo ikome ifikapo mwisho wa mwaka 2027. Nchi za Afrika zilikuwa mstari wa mbele katika kudai jambo hili. Iliyokwisha kufungwa majumbani haikukatazwa kuendelea kutumika. Lakini ikifa, haitapatikana ya kuirithi. Basi anayetaka kununua makasha mapya ya nyumba au ya duka ajue hesabu hiyo mapema.

Sisemi kwamba uamuzi huo ni mbaya. Taa za LED hazina zebaki, hula umeme kidogo zaidi, na hudumu. Ninachosema ni kwamba taa ya LED ikifa, mwanafunzi akiifungua haoni kitu isipokuwa vidoa vidogo juu ya kibao. Taa ya zamani inaonyesha kila kitu: koili, choki, swichi ya joto, gesi, unga. Sura kadhaa za Fizikia zimo ndani ya kasha moja. Tukizitupa zote, tutabaki na picha vitabuni.

JINSI YA KUKUSANYA NA KUHIFADHI

Wenzetu wa nchi nyingine wamelifanya jambo hili. Mjini Baltimore, Marekani, daktari wa meno aitwaye Hugh Hicks alikusanya taa za umeme maisha yake yote, akazionyesha chini ya nyumba aliyotibia watu meno. Alipofariki mwaka 2002, mkusanyiko wake ulihamishiwa katika makumbusho ya viwanda ya mji huo. Las Vegas na Warsaw wana makumbusho ya taa za neoni zilizoshushwa madukani. Hawakuanza na fedha nyingi. Walianza kwa kukataa kutupa.

Shule haihitaji taa elfu. Zinatosha kumi au kumi na mbili: mrija wa milimita 38, wa 26 na wa 16; taa moja ndogo iliyokunjwa; choki; staata moja iliyofunguliwa kikopo ili kijichupa kionekane; balasti ya elektroniki; na zikipatikana, taa moja ya zebaki na moja ya sodiamu. Nyingi ya hizi zinashushwa sasa hivi majengo yanapotiwa LED, na fundi huzitoa bure. Wakati wa kuzipokea ni huu.

Katika kuzitunza, zingatieni haya:

(a) Kila mrija uvikwe bomba la karatasi ngumu, na uwekwe kabatini mahali pasipotikisika, penye kufuli.

(b) Vumbi lipanguswe kwa kitambaa laini kikavu. Maandishi ya kiwandani yasiguswe wala yasilowekwe, kwa sababu mengi hufutika upesi, na mrija usio na maandishi ni kama barua isiyo na jina.

(c) Kuwe na daftari. Andikeni aina, wati, kiwanda, nchi, alama zote, ilikotoka, tarehe iliyopokelewa, na kama inawaka.

(d) Taa iwashwe kwa choki yake yenyewe. Choki ya wati nyingi huua taa ya wati chache, na taa za sodiamu zina vifaa vyao maalumu.

(e) Zile adimu ziwashwe mara chache, na kwa dakika chache. Zenye ncha nyeusi ziachwe zipumzike.

(f) Iliyovunjika au isiyo na nafasi ipelekwe kwa wenye dhamana ya taka za sumu, isitupwe shimoni.

Tena mwalimu wa Fizikia, akisaidiwa na fundi, aweza kutengeneza ubao mmoja wa maonyesho: mrija, choki, na badala ya staata swichi ya kubonyeza iliyokingwa vizuri. Mwanafunzi akibonyeza, ncha huwa nyekundu. Akiachia, mrija huwaka. Mara nyingine hukataa, na hapo ndipo somo linaponoga, kwa sababu umeme wetu ni mkondo geu, nao hupita katika sifuri mara 100 kwa sekunde. Kama ameachia wakati mkondo uko karibu na sifuri, choki haina nguvu ya kurusha. Hujaribu tena, na safari hii huwaka.

Kuna majaribio mawili ambayo msomaji aweza kuyafanya leo bila kugusa waya. Chini ya mrija wenye choki, punga kalamu upesi mbele ya macho yako. Utaona kama kalamu nyingi zilizopangwa mstari, kwa kuwa nuru hupanda na kushuka mara 100 kwa sekunde. Ndiyo sababu katika karakana mashine inayozunguka huweza kuonekana imesimama, na mtu akapeleka mkono. Kisha chukua sahani ya CD isiyotumika, uitazame kwa mshazari chini ya mrija. Utaona mistari ya rangi iliyotengana. Fanya vivyo hivyo chini ya globu, na rangi zitafuatana bila kukatika. Hapo umeona kwa macho yako tofauti ya nuru ya gesi na nuru ya moto.

Kwa hayo machache nawaomba wanafunzi wenzangu tuache kuvunja mirija. Nawaomba walimu wetu watupatie kabati moja katika maabara. Na wazazi wetu wenye maduka na nyumba, wanapobadilisha taa, watuletee moja nzima katika karatasi yake, pamoja na choki na staata yake. Wadogo zetu watakaoingia Kidato cha Kwanza baada ya mwaka 2027 huenda wasizikute mahali pengine popote isipokuwa katika kabati hilo.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne